Walimwita Mama Salome

Mimi na mdogo wangu Salome tuliugua wiki moja, ugonjwa mmoja, tukalazwa kitanda kimoja. Yeye alitoka hospitali na masikio yake yote mawili. Ya kwangu yalibaki ya kuvalia hereni.

Nalisema hili mapema ili wewe mzazi unayesoma, ambaye pengine mtoto wako ametoka wodini juzi na kila ukimwita hageuki, usije ukadhani nitaanza kukupa nasaha za uvumilivu. Nasaha umeshapewa nyingi. Kanisani umepewa, kwenye foleni umepewa, na jirani aliyekuja kuazima chumvi naye kakuachia za kwake. Mimi nitakueleza wivu, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza, na ulinitesa kuliko sindano.

Kwetu ni Mgeta, huko juu milimani, ambako kabichi na karoti hulimwa kwenye matuta ya ubavuni na ukungu unaingia hadi jikoni. Mama yetu aliitwa Mama Koleta. Koleta ni mimi, mtoto wa kwanza, na mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, hilo halina mjadala. Baba alikuwa akifanya vibarua vya mpunga Dakawa, anakuja na kuondoka. Mwenye kauli juu yetu alikuwa Mjomba Pius, kaka yake mama, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akishasema, baba anasikiliza. Nilikuwa darasa la sita, Salome la tano. Nisikufiche, hata kabla ya ugonjwa nilikuwa na roho ya korosho juu yake, kwa sababu alikuwa na nywele nzuri kunizidi. Lakini mimi nilikuwa na mdomo. Nikisimama kujibu swali, hata mwalimu aliyekuwa pembeni anasahihisha madaftari aliinua kichwa. Hicho ndicho nilichokuwa nacho na yeye hakuwa nacho.

Masika yale homa ilitushika. Alianza Salome jioni, mimi nikafuata kesho yake. Shingo ilikakamaa, mwanga ukawa unachoma macho. Zahanati walitutazama wakamwambia mama atuteremshe mjini upesi. Akatupakia kwenye pikapu iliyobeba viroba vya kabichi, sisi juu ya kabichi, turubai juu yetu, mvua juu ya turubai. Ile mvua ndiyo sauti ya mwisho ninayoikumbuka vizuri. Ningejua ningeisikiliza.

Wodi ilikuwa imejaa, tukalazwa kitanda kimoja mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu usoni kwake. Dripu yake ilining'inia upande ule, yangu upande huu. Nesi akimaliza kumchoma yeye ananigeukia mimi. Dawa ileile, mkono uleule, saa ileile. Nimelifikiria jambo hili miaka yote. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza daktari kwa nini mmoja alipona mzima na mwingine akaachwa na pengo, naye akasema hutokea. Basi, nikashika hilohilo.

Nilipozinduka niliona mvua inapiga dirisha bila kelele. Nikafikiri kioo ni kinene. Halafu nikamwona mama wa kitanda cha jirani anamfokea mwanawe, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, na hakuna kitu kinachotoka. Salome alikuwa ameegemea mto anakunywa uji na kuzungumza na mama. Niliita mama. Sikujisikia. Nikaita tena kwa nguvu, wodi nzima ikageuka, na nesi akaja akaniwekea kidole mdomoni. Kumbe nilikuwa napiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mama alinisogelea akawa anasema na mimi, anasema, anasema, na mimi naangalia tu midomo yake. Salome aliacha kunywa uji. Alielewa kabla ya mama, na hata hilo nililiona baya, kwamba yeye ajue habari zangu kabla yangu.

Watu hudhani uziwi ni wa masikio tu. Kwangu uliingia mpaka miguuni. Niliposimamishwa chini, dunia iliinamia kushoto nami nikaenda nayo. Nilijifunza kutembea upya nikishika kitanda, kisha ukuta, kisha bega la Salome, ambaye wakati huo alikuwa anakimbia nje kuchota maji na kurudi. Kichwani kulikuwa na mlio kama wa sufuria inayotokota, hauzimwi. Nywele zangu zilikatika mafungu mafungu. Za Salome hazikukatika. Nilipoletewa kioo nilikirudisha kikiwa kimegeuzwa.

Kipupwe kilipoingia tulikuwa tumeruhusiwa, lakini mimi nilitakiwa kurudi kliniki ya masikio kila baada ya majuma kadhaa. Tulikuwa tunateremka alfajiri na magari ya mboga, tunafika tumejaa harufu ya vitunguu, tunakaa kwenye benchi. Sasa hebu fikiria. Kliniki ya masikio, benchi limejaa watu wasiosikia, na nesi anatokea mlangoni anaita majina kwa mdomo. Akiita mara mbili usipoitika, anaita la mwingine. Safari ya kwanza mama alitoka kidogo kwenda kununua dawa, tukapitwa, tukaonwa mchana watu wanakwenda kula. Kuanzia hapo mama akawa anamchukua Salome awe masikio yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Daktari alimuuliza Salome kama dada yake anaumwa kichwa. Salome akajibu bila kuniuliza. Nesi akamuuliza Salome kama dada yake anakula. Mama muuza uji akamuuliza Salome kama dada yake anataka sukari. Nilikuwa na akili zangu zote, nilikuwa nashika nafasi ya pili darasani, na nikawa kitu cha kuulizwa kwa jirani yake. Na kwa kuwa Salome ndiye aliyekuwa anajibu, watu wa benchi wakaanza kumwita mama Mama Salome, na jina hilo likapanda nasi mlimani hadi kwa majirani.

Utauliza nilijuaje, na sisikii. Nilikuwa nimeanza kusoma midomo, na majina yetu ni rahisi kuyatofautisha. Mtu akisema Mama Koleta, midomo hukutana mara mbili kwenye mama, halafu haikutani tena. Akisema Mama Salome, inakutana mara moja ya ziada, mwishoni. Jaribu mbele ya kioo. Ile mara moja ya ziada ilikuwa inanichoma kila nikiiona. Waliniacha bila masikio, sawa, ni ugonjwa. Lakini jina la mama lilikuwa langu. Nililipata kwa kuzaliwa kwanza.

Kwenye benchi lile palikuwa na mtu mmoja niliyempenda, mama wa Kihindi, mke wa mwenye duka mjini, aliyekuwa anamleta baba mkwe wake. Yeye hakuwahi kumuuliza Salome habari zangu. Zamu yangu ikifika alikuwa ananigusa goti na kuelekeza kidevu mlangoni. Akitaka kujua kama nina njaa aliinua nyusi na kunionyesha bajia kwenye karatasi, nami natikisa kichwa nikimaanisha ndiyo, na Salome anapata baada yangu. Sikumjua jina. Kama wewe unakaa kwenye mabenchi hayo na hujui umfanyie nini mtoto wa mwenzio, mguse goti.

Safari ya mwisho daktari alizungumza na mama muda mrefu. Salome alikuwa amesimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza hakunigeukia kunieleza. Nilijua habari si njema kwa jinsi mama alivyofungua khanga na kuifunga upya, akaifungua tena, akaifunga upya.

Tuliporudi nyumbani nikavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo ni mwali. Anawekwa ndani, haonwi na watu, anafundwa, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Siku hizi mambo yamepunguzwa, mwali anakaa ndani likizo tu ili asikose masomo, na ngoma inafanywa shule zikiwa zimefungwa. Lakini mama na Mjomba Pius walikaa, wakaamua jambo ambalo nadhani lingefikiriwa milimani kwetu tu. Kijijini wakasema Koleta ni mwali, yuko ndani. Kwa hiyo jirani hakuuliza kwa nini sionekani kisimani, na hakuna aliyeniita nikashindwa kugeuka. Shuleni wakasema Koleta bado anaumwa, yuko mjini anatibiwa. Kwa hiyo mwalimu hakuuliza kwa nini sijarudi. Walifikiri masikio yangepata muda wa kurudi kimyakimya, bila watu kujua kwamba yaliwahi kuondoka.

Nilikaa kwenye chumba kile tangu viazi vinapandwa hadi vinavunwa. Mwali wa kawaida anafundwa kwa nyimbo na maneno. Mimi walinifundaje? Shangazi mmoja aliletwa, akaimba mbele yangu siku nzima, nikamtazama kama mtu anayetazama samaki. Akaondoka.

Asubuhi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango. Salome anatoka na sweta langu la shule, maana la kwake lilikuwa limembana. Mkoba wangu mgongoni. Vitabu vyangu ndani ya mkoba, kwa kuwa mama alisema visikae bure. Mchana anarudi, anakaa jikoni na mama wanamenya njegere, na mdomo haukauki. Namwona mama anacheka. Mama alikuwa hacheki na mimi tena, si kwa ubaya, ila kila kicheko chake kilikuwa kinatokana na neno, na maneno yalikuwa hayafiki kwangu. Nilimkata Salome jicho mpaka akawa haingii chumbani bila kuinamisha uso. Wakati mwingine alileta mkaa akaniandikia sakafuni walichosoma siku hiyo. Nilikuwa nasoma yote, halafu nafuta kwa mguu huku namwangalia.

Vuli ilipoanza alikuja Madamu Tekla. Huyu alikuwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, mama wa makamo, mnene, aliyekuwa anapanda milima kwa bodaboda kutafuta watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani. Shule moja ya serikali mjini ilikuwa na kitengo cha viziwi, na kitengo hicho kilikuwa kimeongezewa bweni. Januari wangepokea wapya. Mwalimu mkuu wetu alimwambia yupo mmoja aliyeugua, ila yuko mjini anatibiwa. Wakapita darasani kwa Salome kuulizia zaidi, na mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema Koleta hayuko mjini, yuko kwao, ni mwali. Uongo wetu wa shuleni na uongo wetu wa kijijini ukakutana palepale, mbele ya mgeni.

Alifika nyumbani ana tope mpaka magotini. Mama akatuma watu wamwite Mjomba Pius shambani. Wakakaa uani kwenye vigoda, mimi nikakaa kwenye ufa wangu. Ninayoyaeleza hapa, mengine niliyaona midomoni mwao na mengine Salome aliniandikia baadaye kwa mkaa.

Madamu Tekla aliomba anione. Mjomba alikataa kwa heshima zote. Hakuwa mtu mbaya, Mjomba Pius, ila kila jambo kwake lilikuwa na mlango wake wa kuingilia. Alisema ngoma itafanyika kipupwe kijacho baada ya mavuno, na hapo mtoto atakuwa huru kwenda popote. Madamu akasema kipupwe nafasi itakuwa imeshapewa mwingine, na umri nao unakwenda. Akawaeleza kwamba sheria inamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa na haki ya kusoma shule ya umma kama mwingine yeyote, na kwamba siku hizi shule haziruhusiwi kusema hatuna mahali pa kumweka. Mjomba akasikiliza, akasema sheria hiyo ni nzuri, ila haikuandikwa na watu wenye mwali ndani.

"Mwalimu," akasema, "mwali hatoki kama mbuzi aliyekata kamba. Anatolewa."

"Mzee wangu, mimi sikuja kumtoa mwali," Madamu Tekla akajibu. "Nimekuja kumtafuta mwanafunzi."

Nikaona Madamu anafungua kalamu. Alikuwa ameamua angalau aandike kaya, ili asirudi mikono mitupu. Akamgeukia mama akamuuliza yeye ni mama nani.

Mama aliangalia chini. Halafu akajibu, na niliuona mdomo wake vizuri sana, jua lilikuwa linampiga usoni. Midomo ilikutana mara mbili. Halafu ikakutana tena.

Watu wa benchi, sawa. Majirani, sawa. Mama mwenyewe? Haikuwa huzuni, nakwambia ukweli, ulikuwa wivu mtupu. Kama Salome ameshachukua na hilo, mimi nilikuwa nimebakiwa na nini mle chumbani? Nikafungua mlango. Nikatoka mchana kweupe na nguo ya mwali, mafuta mwilini, nywele vifungu vifungu, nikiegemea kushoto.

"Huyu ni Mama Koleta," nikasema. "Koleta ni mimi. Wa kwanza ni mimi."

Sikuwa na kipimo cha sauti. Salome anasema mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde aliacha jembe. Majirani walitoka. Mama alijishika kichwa. Mjomba Pius alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwali kujitoa mwenyewe, kwa hasira, mbele ya afisa wa serikali, haikuwahi kutokea kwetu, na hakuna aliyejua kinachofuata. Madamu Tekla peke yake ndiye aliyekuja mbele yangu, akasimama mahali ambapo ningeuona mdomo wake, akasema polepole, "Koleta, unataka shule?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini mtu kuniuliza mimi jambo langu. Nikajibu ninataka, na Salome anirudishie mkoba. Hata hapo, jamani, nilikumbuka mkoba.

Mjomba Pius alivua koti lake akanifunika nalo kichwani, jinsi mwali anavyofunikwa siku ya kutolewa. Akawaambia wote waliokuwa pale, "Ameshatoka. Mwali haingizwi ndani mara mbili." Jumamosi iliyofuata ngoma ikapigwa, bila pombe iliyoiva, togwa tu, na kuku wachache. Nilibebwa mabegani. Ngoma sikuisikia, ila niliihisi ikipita kwenye mabega ya aliyenibeba na kuniingia mapajani. Nikacheza. Nilikuwa nachelewa, naona kwenye nyuso za akina mama kwamba nachelewa, makofi yakapungua, watu wakaanza kutazamana. Mjomba akainua mkono ngoma ikasimama, akawaambia kijiji kizima kwamba mtoto huyu masikio yamechukuliwa na homa, na anakwenda shule mjini. Yale yaliyofichwa tangu kipupwe yalisemwa kwa pumzi moja. Nilikuwa nimecheza nje ya mdundo mbele ya watu wote, na hakuna aliyekufa.

Januari nikaenda kitengo. Ulidhani wivu uliisha? Ulihama. Nilikuta watoto waliozaliwa viziwi, mikono yao inakwenda kama umeme, wanataniana, wanagombana, wanacheka mpaka wanashika matumbo, na mimi nimekaa katikati yao sielewi. Nikawaonea wivu kuliko nilivyomwonea Salome. Wao hawakuwa wamepoteza kitu. Mimi nilikuwa na masikio ya zamani kichwani, yanakumbuka mvua, na mikono isiyojua kuomba chumvi. Walinirudisha darasa la tano. Salome sasa alikuwa la sita. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu.

Watoto wale walinipa jina la ishara wiki ileile. Kwa viziwi kila mtu ana jina lake la mkono, na hulichagui. La kwangu lilikuwa mkono uliosimama wima, halafu unalalia kushoto, kwa sababu ya ninavyotembea. Nilinuna siku nyingi. Baadaye nikaona ni jina ambalo Salome hawezi kulichukua, nikalipenda.

Mzazi mwenzangu, nikwambie na ya shule. Wanasema elimu jumuishi, na ni jambo jema, sisi wa kitengo tulikuwa tunaingia masomo mengine pamoja na wanaosikia. Lakini walimu wanaojua lugha ya alama walikuwa wachache. Mkalimani wetu akiitwa semina, sisi tunabaki na mgongo wa mwalimu anayeandika ubaoni huku anaongea na ukuta. Wenzetu wanacheka kwa utani wake, sisi tunaangaliana. Kwa hiyo usimpeleke mtoto ukaondoka. Uliza nani anatafsiri, na asipokuwepo nani anashika nafasi yake. Ulizia mapema muda wa ziada wa mtihani na mkalimani wa mtihani, kabla watahiniwa hawajasajiliwa, maana ukiulizia siku ya mtihani utapewa pole. Mimi nilipata vyote viwili kwa sababu Madamu Tekla alikuwa anakuja shuleni na lile tope lake magotini, akiuliza mpaka watu wanamchoka. Sheria ipo, lakini inahitaji mtu wa kuibeba mlimani.

Likizo nilikuwa narudi Mgeta. Kijijini mama alikuwa bado Mama Salome, watu walishazoea. Siku moja nilimuuliza mbona alilitaja jina lile mwenyewe siku ya Madamu. Alizungumza na Salome, na Salome akanitafsiria kwa mikono. Alisema alikuwa ananificha. Alishanificha chumbani, akanificha shuleni, ikabaki kunificha kwenye jina lake. Nilikuwa naangalia mikono ya Salome, kwa sababu Salome alikuwa amejifunza alama kutoka kwangu kwa likizo chache tu, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Nywele, masikio, sasa na mikono.

Sasa mimi ni mkubwa, namsaidia matroni wa bweni kwenye kitengo kilekile. Nawaona kina mama wanaleta watoto wao mwezi wa kwanza, na mara nyingi yupo ndugu mzima amesimama pembeni anajibu maswali. Namtazama yule asiyesikia anavyomtazama mwenzake. Simwambii aache. Namgusa goti, namuuliza yeye.

Lakini nilitaka kumalizia na mkutano wa wazazi wa mwaka wangu wa mwisho, darasa la saba. Mama hakuwahi kuja mikutano, alisema ataongea nini na watu wa mjini. Safari ile alikuja, na kiroba cha karoti kwa ajili ya jiko la shule, Salome nyuma yake. Tulikaa nao ukumbini, mkalimani mbele. Kila mzazi alikuwa anasimama anajitambulisha kwa mdomo, na mkalimani anatuonyesha sisi. Mama wa fulani, baba wa fulani. Zamu ikawa inasogea kwa mama, na mimi nikageuza uso nikaangalia dirishani. Nilijua midomo yake itakutana mara ngapi.

Mwenzangu akanipiga kiwiko. Nikageuka.

Mama alikuwa amesimama kimya, mdomo umefungwa. Alikuwa ameitoa mikono nje ya khanga, ile mikono yake ya jembe, vidole vimekauka na ardhi kwenye kucha. Akafanya alama ya mama. Akapumzika kidogo kama mtu anayetua mzigo. Halafu akasimamisha mkono wima, akaulalisha.

Viziwi wote ukumbini waligeuka wakaniangalia mimi. Mkalimani alichelewa kidogo, kisha akawatafsiria wazazi wengine kwa sauti, na safari hii midomo yake ilikutana mara mbili tu.

Nililia, ndiyo. Halafu nikamwona Salome anainamisha uso kama alivyokuwa akifanya mlangoni pa chumba kile, nikajua ni yeye aliyemfundisha, jikoni, wakimenya njegere. Na nisikufiche, roho iliniuma. Nilitaka niwe mimi. Kwa miaka yote ile nilitaka hilo liwe langu, na bado limepitia kwake.

Ila mama alikuwa ameulalisha mkono kulia. Nikasimama, nikapita katikati ya viti mpaka alipokuwa, nikaushika mkono wake, nikausimamisha, nikaulaza upande wenyewe. Akarudia. Akarudia tena mpaka akashika. Hilo la kushoto nilimfundisha mimi.